Kulala ndani ya gari Malindi wakati wa kaskazi: joto la usiku tulikabili vipi?

Mwenye Vipaza, Kisauni

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mimi ni mkazi wa Kisauni, Mombasa, na kazi yangu ni kukodisha vipaza sauti, taa na viti kwa harusi na matamasha. Mwishoni mwa Disemba nitakuwa Malindi kwa usiku nne kwenye tamasha la muziki litakalofanyika kando ya ufuo, na kwa kuwa vyombo haviwezi kuachwa peke yavyo usiku, mimi na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 16 tutalazimika kulala garini. Gari lenyewe ni Hiace ya buluu iliyokoza, ambayo viti vyake vya nyuma niliving'oa nikabakisha nafasi ya kutandika godoro moja la sponji kati ya makasha ya vipaza.

Mwaka jana tulifanya kazi kama hiyo na nusura nimpoteze kijana. Gari lilikuwa limeegeshwa mchangani, juani, tangu asubuhi, na usiku tulipoingia kulala tulifunga vioo vyote tukaacha upenyo wa kidole kimoja tu, kwa kuogopa wezi na mbu. Ilipofika saa nane usiku nililibonyeza godoro kwa kiganja, na jasho likachuruzika baina ya vidole vyangu kana kwamba nimeshika nguo iliyotoka kwenye beseni. Saa kumi alfajiri kijana aliamka akitapika na kulalamikia kichwa, na nilipomuuliza leo ni siku gani hakuweza kunijibu. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati iliyokuwa karibu, wakamshughulikia, na alhamdulillahi kufikia adhuhuri alikuwa amepata nafuu. Mamake, ambaye ni dada yangu, amekubali nimchukue tena mwaka huu kwa sharti kwamba nimweleze kwanza tutalala vipi, na mpaka sasa sina jibu la kumpa.

Nimefikiria kuwasha injini ili kiyoyozi kifanye kazi usiku kucha, nikafikiria pia kununua jenereta ndogo, au kiyoyozi kidogo cha kutumia betri. Kukodi chumba hakutanisaidia kwa sababu vyombo vitabaki nje. Naomba aliyewahi kulala hivyo katika joto la pwani yetu anieleze la kufanya na la kuepuka.

Fundi Umeme wa Barani

Wa alaikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa yaliyompata kijana. Naanza na lile la injini kwa sababu ndilo linaloua. Usilale kamwe ndani ya gari lililosimama huku injini ikinguruma, wala usiweke jenereta kando ya mlango au upande unaotoka upepo. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala huivuta mpaka akapoteza fahamu bila ya kushtuka. Kwenye matamasha hatari huzidi, kwa sababu magari huegeshwa yakikaribiana na moshi wa jirani unaweza kuingia kwako hata kama wewe umezima la kwako. Jiko la makaa nalo lisiingizwe garini, hata likiwa limebaki na majivu yenye moto tu.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe. Watu wengi hulitafutia dawa saa nne za usiku, ilhali joto hilo limeingia garini tangu saa nne za asubuhi. Gari lililofungwa juani hupata takriban digrii 20 zaidi ya hewa ya nje katika muda wa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Bati ni jembamba, kwa hiyo hupoa upesi jua likitua, lakini godoro, makasha ya mbao na sumaku nzito za vipaza hulihifadhi joto lile na kuwarudishia ninyi usiku mkiwa mmelala. Ongezea kwamba mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi, na ninyi ni wawili. Ukifunga vioo, umejifungia na joto la mchana pamoja na la miili yenu.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya mchana. Funga turubai jeupe au la rangi ya fedha juu ya keria, na hakikisha kwamba kati ya turubai na bati pana nafasi ya shubiri moja au zaidi, ili upepo upite hapo katikati. Turubai lililolala juu ya bati hupitisha joto lake moja kwa moja. Literemshe zaidi upande wa kusini-magharibi, kwa kuwa Disemba jua huwa kusini kwetu na miale ya alasiri hupiga ubavu huo. Egesha pua ya gari ikielekea kusini-mashariki, ili mlango wa kando, ambao kwenye Hiace zetu uko kushoto, utazame kaskazini-mashariki, kaskazi inakotoka. Jua likitua, karibu saa kumi na mbili na nusu, fungua milango yote, toa makasha na godoro nje kwa muda wa saa moja, kisha ulikunje turubai. Hili la mwisho wengi hawalifanyi. Usiku usio na mawingu bati lililo wazi hupoteza joto lake kuelekea angani hata likawa baridi kuliko hewa, na ushahidi ni umande unaoukuta juu ya gari alfajiri. Turubai likibaki, huzuia jambo hilo.

Kuhusu umeme, kiyoyozi kidogo cha wati 500 huvuta zaidi ya ampea 40 kwenye betri ya volti 12. Betri ya gari yenye ampea-saa 70 haifai kutumiwa chini ya nusu yake, kwa hiyo kiyoyozi hicho kitakuhudumia kwa muda usiofika saa moja, na asubuhi utasukuma gari. Feni ya volti 12 inayotumia ampea moja itakula ampea-saa 8 tu kwa usiku mzima. Feni ndogo ya wati 4 inayochomekwa kwenye pawabenki ya mAh 20,000 itazunguka saa 12 au zaidi. Nunua feni mbili, moja ya kila mtu, na uache fikira ya kiyoyozi.

Mwana wa Ganda

Naongeza moja tu kuhusu kivuli. Tafuteni mwembe, mkwaju au mwarobaini, wala msiegeshe chini ya mnazi hata kama ndio pekee ulio karibu. Kaskazi ikivuma kwa nguvu, nazi kavu na makuti huanguka bila ya kumwonya mtu, na nazi iliyotoka juu kabisa ya mnazi mrefu hutoboa kioo cha gari, sembuse kichwa cha aliyelala. Mivinje ya ufuoni haina hatari hiyo, ingawa kivuli chake ni chepesi.

Dereva wa Garissa

Ndugu Mwenye Vipaza, mimi huendesha lori kati ya Garissa na Garsen, na nimelala ndani ya kibanda cha lori kwa miaka mingi. Dawa yetu ni gunia la katani. Lilowesha maji, likamue kidogo, kisha ulitundike dirishani upande unaotoka upepo. Hewa inayopita hapo huingia ikiwa baridi kama ya alfajiri, na unalala vizuri bila ya feni wala betri. Kila saa tatu au nne unalimwagia maji tena. Mimi sijaona haja ya gharama hizo nyingine zote.

Fundi Umeme wa Barani

Kaka Dereva, ulilolisema ni kweli kwa Garissa, na nakuamini, lakini likihamishiwa Malindi litamletea ndugu yetu taabu. Gunia hupoza kwa sababu maji yanapogeuka mvuke huondoa joto katika hewa inayopita, na maji hugeuka mvuke kwa urahisi pale tu ambapo hewa ni kavu. Huku kwetu, usiku wa Disemba, unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 80. Hewa imeshajaa maji na haina nafasi ya kupokea zaidi. Gunia lako litabaki limelowa hadi asubuhi, litauziba upepo ambao ndio tegemeo letu, na litaongeza unyevu ndani ya gari, hivyo kwamba hata jasho la mwilini halitakauka. Utaona tofauti hiyo hiyo kwenye mtungi: maji ya mtungini Garissa hupoa sana, na ya Malindi hupoa kidogo tu.

Huku pwani maji yapakwe kwenye ngozi, si dirishani, na feni iyaelekee.

Dereva wa Garissa

Nimeelewa, Fundi. Kweli nilipolala Mokowe nikisubiri mzigo wa mashua, gunia halikunifaa kitu, na nilidhani ni kwa sababu upepo ulikuwa umekatika.

Bi. Langoni, Lamu

Salaam kwenu wanangu. Nimewasoma wote na nina neno ambalo sijaliona bado, nalo ni kuuliza kwa nini mlale ndani.

Huku Lamu mjini magari hayaingii. Yanabaki Mokowe na watu wanavuka kwa mashua. Kila mwaka wakati wa Maulidi tunapokea jamaa ambao wengine hulala usiku mmoja ndani ya magari yao kule ng'ambo wakingoja kuvuka asubuhi, na huja nyuso zimewavimba kwa joto na kuumwa na mbu. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta nene kiasi kwamba jua la mchana halijawahi kumaliza safari yake hadi ndani kabla usiku haujaingia, na hata hivyo, katika miezi ya kaskazi, sisi wenyewe hupanda darini kulala. Ikiwa wenye kuta kama hizo huzikimbia, mwenye ukuta wa bati abaki ndani kwa sababu gani?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kitanda cha kamba za usumba, cha miguu mirefu, ambacho hata mkono wa mtoto ungeweza kupita baina ya kamba zake. Alitandika juu yake mkeka wa miyaa na leso moja, basi. Upepo ulimpata chini na juu. Godoro lako la sponji, mwanangu, ni kama blanketi ulilolitandika mgongoni; nusu ya mwili wako imelalia joto lake yenyewe na haina pa kulitolea. Hilo ulibonyeze ukitaka, halitaacha kutoa maji.

Fanya hivi. Tafuta kitanda cha kamba, bado vinapatikana Malindi, au kitanda cha turubai cha kukunja. Kiweke nje, kando ya gari, kikiziba mlango wa kando wenyewe, ili asiweze mtu kuufikia ule mlango bila ya kukupita wewe. Ning'iniza chandarua kutoka kwenye keria na uchomeke pindo zake chini ya mkeka pande zote. Kijana naye alale mlango wa nyuma, ukiwa umeinuliwa juu, kwa sababu mlango ule wa Hiace huwa ni paa dogo. Naye pia awe na chandarua chake. Hivyo mtakuwa mmelinda milango yote miwili, upepo utapita katikati ya gari kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na hakuna mwizi atakayeingia pasipo kuwagusa. Ikinyesha mvua, mtaingia ndani, na mvua ikinyesha joto huwa limepungua.

Na jioni, baada ya magharibi, mwagia maji ile ardhi mtakayolala juu yake. Si mengi, ni ya kunyunyiza tu, mapema, ili ikifika saa ya kulala mchanga uwe umeshapoa. Yawe maji ya kisima. Maji ya bahari yakirukia bati la gari yatakuletea kutu.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu Mwenye Vipaza, hili la kijana kushindwa kutaja siku ndilo lililonifanya niandike. Nimefanya kazi ya uuguzi pwani kwa zaidi ya miaka 30, na naomba ulichukue kwa uzito kuliko mambo yote uliyoyaeleza. Mtu aliyechoka kwa joto hutoka jasho jingi, huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, na akipelekwa kwenye ubaridi akapewa maji, huwa anapata nafuu. Lakini anapoanza kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kupoteza fahamu, huku mwili wake ukiwaka, hapo joto limeshaufikia ubongo, na kila dakika ina thamani. Usingoje gari la wagonjwa ndipo uanze. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa makwapani, shingoni na kwenye mapaja kwa ndani, na mwingine apige simu au atafute usafiri wa hospitali wakati ninyi mnaendelea. Asiye na fahamu kamili asinyweshwe chochote, kwa kuwa maji yanaweza kuingia mapafuni.

Umri wake nao uuzingatie. Kijana wa miaka 16 hubeba vipaza mchana kutwa na hatakuambia kwamba amechoka, kwa sababu anataka uone kwamba amekuwa mwanamume. Wewe ndiwe wa kumsimamisha. Apumzike kivulini katika saa za jua kali, kuanzia saa tano hadi saa tisa, na anywe maji kidogo kidogo kutwa nzima badala ya kujaza tumbo usiku. Mwangalie mkojo wake, au mwambie auangalie mwenyewe: ukiwa wa rangi ya chai, hajanywa maji ya kutosha. Anayetoka jasho sana anahitaji chumvi pia. Changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Usizidishe chumvi hiyo. Madafu ni mazuri, na maji ya ukwaju au ndimu yenye chumvi kidogo ni mazuri vilevile. Vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa na muguka, ambavyo najua huzagaa kwenye sherehe kama hizi, humnyima mtu usingizi na kuuendesha moyo mbio wakati ambapo moyo tayari una kazi ya kuupoza mwili. Kwa kijana huyo sivikubali hata kidogo.

Kabla ya kulala, ogeni maji ya kawaida na msijifute mpaka kukauka. Jifungeni kikoi chepesi cha pamba; nguo za nailoni ziwekeni kando. Ukiloweka kitambaa ukakiweka shingoni na kingine kwenye nyayo, ukaelekeza feni hapo, utapata usingizi hata kama hewa ni nzito. Ukipata barafu kwa wanaouza samaki, jaza chupa, izungushie leso na uiweke miguuni.

Kuhusu mbu, nawaonya wote wawili. Mbu wa malaria huuma kuanzia machweo hadi alfajiri, na chandarua kisiachwe kwa kisingizio cha joto. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe ndani ya gari lililofungwa, kwa sababu moshi wake huumiza kifua. Na mkisharudi Mombasa, homa yoyote itakayokuja wiki moja au zaidi baadaye ipimwe siku hiyo hiyo, isidhaniwe kuwa ni uchovu.

Mwenye Vipaza, Kisauni

Nawashukuru sana. Bi. Langoni, nimemsomea dada yangu maneno yako kwenye simu, na amesema kwamba kijana anaweza kwenda. Muuguzi, nimekiri mbele yake kwamba mwaka jana nilimbebesha makasha hadi saa nane mchana bila ya mapumziko, jambo ambalo sikuwa nimemwambia, na nilistahili aliyonijibu.

Nina swali moja. Mlango wa nyuma ukibaki wazi na mimi nikiwa ubavuni, madirisha ya upande wa kulia nitayafanyaje? Nikiyaacha wazi, mkono wa mtu utaingia.

Fundi Umeme wa Barani

Usiyafunge, kwa kuwa hewa ya moto hutafuta pa kutokea upande wa pili, ule usiopigwa na upepo. Pima dirisha, mwambie mchomeleaji akutengenezee grili ya vyuma vyembamba inayoshikwa kwa ndani na nati mbili, kisha uifungie wavu wa mbu. Kazi hiyo ni ya nusu siku, na grili utaendelea kuitumia kwenye kila safari.

Mwenye Vipaza, Kisauni

Ndugu zangu, tumerudi jana salama, na nimeona ni haki yenu kujua yalivyokwenda.

Tulipata kivuli cha mwarobaini kwa nusu ya mchana tu, kwa hiyo turubai ndilo lililofanya kazi. Siku ya pili, saa tisa alasiri, niliingiza mkono katika ile nafasi ya shubiri na nikaweza kuuweka kwenye bati la Hiace yangu mpaka nikahesabu hadi hamsini. Gari la jirani, ambalo ni jeupe lakini halikuwa na turubai, nililigusa nikautoa mkono mara moja. Jioni tulifungua milango tukatoa makasha, na harufu ya gundi ya mbao iliyokuwa ikitujaa puani mwaka jana haikuwepo.

Kitanda cha kamba nilikikodi kwa mzee mmoja wa mjini. Usiku wa kwanza sikulala kwa wasiwasi wa wezi, si kwa joto. Kila aliyepita akielekea ufuoni nilimfuata kwa macho kupitia chandaruani. Usiku wa pili nilifunga kamba nyembamba kutoka kwenye kifundo cha mguu wangu hadi kwenye mpini wa kasha la kwanza, moyo ukatulia, na niliamshwa na adhana ya alfajiri. Kijana alilala mlango wa nyuma akiwa na feni yake na chupa ya barafu, na asubuhi zote nne nilimuuliza ni siku gani kabla sijamsalimu. Alinijibu sawasawa mara zote, na mara ya nne alinitajia na tarehe ya Kiislamu.

Kilichotutatiza ni usiku wa tatu. Kuanzia saa saba upepo ulikatika kabisa, hata majani ya mwarobaini hayakutikisika, na joto likarudi. Feni niliitundika dirishani ikitazama nje, nikidhani kwamba itavuta hewa, lakini hatukuona tofauti yoyote. Ile ya kijana nayo ilisimama kabla ya saa kumi, ingawa pawabenki ilikuwa mpya na niliijaza jioni. Ilibidi tuamke tujimwagie maji ndipo tukarudi kulala. Je, nilikosea wapi?

Fundi Umeme wa Barani

Alhamdulillahi kwa kijana. Ulikosea kwa mambo mawili madogo. Feni ya kutoa hewa nje hufaa gari likiwa limefungwa na lina tundu moja la kuingiza hewa na jingine la kutolea. Gari lako lilikuwa wazi pande tatu, kwa hiyo hewa ya ndani na ya nje zilikuwa moja, na feni haikuwa na kitu cha kubadilisha. Upepo ukikatika, igeuze ikutazame wewe, iwe ndani ya chandarua na si nje yake, kwa sababu chandarua hukata sehemu kubwa ya upepo wa feni ndogo. Iweke miguuni, ipulize kuelekea kichwani, na ngozi iwe na maji.

Kuhusu pawabenki, nadhani ilikuwa inashinda garini mchana, au juu ya dashibodi. Betri za namna hiyo huharibiwa na joto, na zikiharibika hupungua uwezo hata zikionekana kuwa zimejaa. Safari ijayo ifunge kwenye kitambaa kikavu uiweke kivulini chini ya gari, ndani ya ndoo yenye kifuniko, na uijaze saa mbili usiku baada ya hewa kupoa, si saa kumi jioni.